Jani la Mgomba Mbele ya Kompyuta

Barabara itokayo Mbeya kwenda Kyela, baada ya kupita Kiwira, huingia katika nchi ya migomba. Tangu miguuni pa Mlima Rungwe, ambao kilele chake kina mwinuko wa karibu mita 2,960, hadi kwenye mabonde yanayoteremkia Ziwa Nyasa, migomba imeizunguka karibu kila nyumba. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, nao udongo wake ni wa majivu ya volkano. Ndizi ni chakula cha Wanyakyusa cha kila siku. Tena ni fedha, kwani malori huzipakia kupeleka Mbeya mjini na hata Dar es Salaam.

Lakini mvua ile ile inayoustawisha mgomba huyastawisha na maradhi yake. Mawili kati ya hayo yanahusika na makala haya. La kwanza ni sigatoka nyeusi, inayoletwa na kuvu ambayo vijimbegu vyake huchukuliwa na upepo na matone ya mvua. Huanza kwa vistari vidogo vya rangi ya kahawia upande wa chini wa jani, ambavyo mwanzoni havizidi milimita moja au mbili. Baadaye vistari hivyo hupanuka na kuungana, na jani zima hukauka kabla mkungu haujakomaa. Mkulima mdogo hupambana nayo kwa kukata majani yaliyoathirika na kupunguza msongamano wa migomba ili hewa ipite. La pili ni mnyauko wa fuzari, ambao wengine huuita ugonjwa wa Panama. Kuvu yake hukaa udongoni, huingia kwa njia ya mizizi na kuiziba mishipa inayopandisha maji. Majani ya chini hugeuka manjano kuanzia kingoni, huvunjika penye kikonyo, kisha huning'inia kulizunguka shina kama sketi. Ugonjwa huu hauna dawa. Mgomba ulioshikwa hung'olewa, na kuvu hubaki ardhini kwa miaka makumi.

Kuyatambua magonjwa haya yakiwa yamekomaa si kazi ngumu. Shida ni mwanzoni, ambapo jani limeanza tu kubadilika rangi. Jani linaweza pia kuwa manjano kwa ukosefu wa potasiamu au kwa ukame tu. Mkulima anayeudhania mnyauko kuwa sigatoka atakata majani na kuridhika. Mwaka unaofuata, jirani yake akija kuomba machipukizi ya kupanda, kama ilivyo desturi, atampa machipukizi kutoka shina lenye ugonjwa, na kwa mkono mkunjufu atakuwa amempelekea ugonjwa usioondoka. Bwana shamba au bibi shamba angeweza kumzuia, lakini mtaalamu mmoja huhudumia watu wengi, na vijiji vya Rungwe vimetawanyika katika mabonde na vilima ambavyo njia zake wakati wa masika hazipitiki kwa urahisi.

Ndiyo sababu watafiti wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha walijiuliza kama simu ya mkulima ingeweza kumsaidia. Mwaka 2020 Sophia Sanga, Dina Machuve na Kennedy Jomanga walichapisha matokeo ya jaribio lao. Walitumia picha 3,000 za majani ya migomba kuifundisha kompyuta kuyatambua magonjwa haya mawili, wakalinganisha mifumo miwili ya utambuzi. Mmoja, uitwao ResNet152, ulipata usahihi wa asilimia 99.2, wa pili, Inception v3, ulipata asilimia 95.41. Hata hivyo, katika simu waliuweka ule wa pili. Msomaji atashangaa kwa nini waliuacha ulioshinda. Ili kulielewa jibu, hana budi kwanza kufahamu jinsi kompyuta inavyoiona picha, na jinsi kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya michezo ya watoto kilivyoigeuza kazi hiyo.

Hesabu za nukta

Kompyuta haina jani ndani yake, ina nambari. Picha ya simu ya kawaida, yenye nukta 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo, ni nukta milioni 12, na kila nukta ni nambari tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, kila kimoja kati ya 0 na 255. Kuona, kwa kompyuta, ni kuzilinganisha nambari hizi na jirani zake. Tuseme kwenye mstari mmoja zimefuatana 200, 198, 201, 60 na 58. Kati ya ya tatu na ya nne pana mporomoko wa 141. Hapo ndipo ulipo ukingo, pengine ukingo wa jani, pengine wa kistari cha sigatoka.

Kazi nyingi za picha hufanywa kwa njia moja. Kila nukta huchukuliwa pamoja na jirani zake wanane, nambari hizo tisa huzidishwa kwa uzani uliowekwa, kisha hujumlishwa kupata nukta mpya. Uzani wa namna moja hulainisha picha, wa namna nyingine hutoa kingo, na wa namna nyingine tena huonyesha madoa. Hesabu yenyewe anaiweza mtoto wa darasa la nne. Tatizo ni wingi. Nukta milioni 12, zenye rangi tatu kila moja, zikifanyiwa kuzidisha mara tisa, jumla ni kuzidisha milioni 324. Mtu anayeweza kuzidisha mara moja kila sekunde, bila kula wala kulala, angemaliza picha moja kwa miaka kumi na zaidi, na hapo angekuwa ameilainisha tu; bado hajatambua lolote.

Kichakataji kikuu cha kompyuta, ambacho ndicho akili yake ya kawaida, kimeundwa kama fundi stadi. Kina uwezo wa kufanya kazi za kila aina, kuamua la kufanya kutokana na matokeo ya kazi iliyotangulia, na kuruka kutoka shughuli moja hadi nyingine upesi sana. Lakini mafundi hao ni wachache, aghalabu wanne au wanane katika kompyuta ya mezani. Kulainisha picha hakuhitaji fundi stadi. Kunahitaji mikono mingi.

Aliyewahi kuyaona mashamba ya chai ya Katumba au Mwakaleli asubuhi ya siku ya uchumaji anaifahamu tayari kanuni hii. Wachumaji hupangwa kila mmoja na mstari wake. Wote hufanya kitendo kimoja, majani mawili na kichipukizi, na hakuna anayemngoja mwenzake, kwa kuwa mstari wa huyu hautegemei mstari wa yule. Wachumaji mia humaliza shamba karibu mara mia upesi kuliko mmoja. Nukta za picha nazo ni hivyo hivyo: hesabu ya nukta ya kona ya juu haingoji jibu la nukta ya kona ya chini. Kifaa chenye vichakataji vidogo mamia au maelfu, kila kimoja dhaifu lakini vyote vikitii amri moja kwa wakati mmoja, kitaishinda akili ya kawaida kwa mbali. Kifaa hicho ndicho kichakata michoro, ambacho hukaa juu ya kibao kiitwacho kadi ya michoro.

Mfano wa chai unafaa hata kuonyesha udhaifu wake. Chai iliyochumwa haina faida mpaka ifike kiwandani, na ikiwa lori limekwama matopeni, kuongeza wachumaji hakusaidii kitu. Picha nayo lazima isafirishwe kutoka kumbukumbu kuu ya kompyuta hadi kumbukumbu ya kadi, na jibu lirudishwe. Kwa hesabu fupi, safari hiyo huweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Aidha, zipo kazi ambazo hatua ya pili haiwezi kuanza kabla ya ya kwanza kwisha. Kwa hizo, wachumaji elfu ni sawa na mmoja.

Kutoka michezoni

Kadi hizi hazikubuniwa kwa ajili ya sayansi. Zilitengenezwa ili kuchora michezo ya kompyuta: kila kitu katika mchezo, awe mtu au gari, huundwa kwa pembetatu nyingi ndogo, na kila pembetatu huvalishwa picha kama meza inavyovalishwa kitambaa. Kadi hukokotoa rangi ya kila nukta ya kitambaa hicho makumi ya mara kwa sekunde.

Mwanzoni mwa karne hii watafiti kadhaa waligundua kwamba wanaweza kuihadaa. Walichukua picha waliyotaka kuichunguza, wakaiambia kadi kwamba hicho ni kitambaa cha kuvalisha mstatili mmoja bapa, na mahali pa kanuni ya kukokotoa mwanga wa mchezo wakaweka kanuni yao ya kutafuta kingo. Kadi, isiyojua tofauti, ilichora "mchezo" ambao kwa hakika ulikuwa jibu la hesabu. Katika Chuo Kikuu cha Toronto, nchini Kanada, James Fung na Steve Mann walikusanya mbinu za aina hii katika programu waliyoiita OpenVIDIA na kuielezea mwaka 2005. Ilikuwa kazi ya kuchosha, maana mtu wa sayansi ya picha alilazimika kusema kila jambo lake kwa lugha ya pembetatu na vitambaa. Hadaa hiyo haikuhitajika tena baada ya kampuni ya Nvidia kutangaza mwaka 2006 mfumo wa CUDA, ulioanza kutumika mwaka uliofuata, ambao uliwaruhusu watu kuiandikia kadi hesabu za kawaida bila kujifanya wanachora.

Katika chuo hicho hicho cha Toronto ndipo tukio lililobadili mambo lilipotokea mwaka 2012. Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton waliifundisha kompyuta kutambua vitu vya aina 1,000 kwa kuionyesha picha zipatazo milioni 1.2. Mfumo wao ulikuwa na uzani milioni 60, nao haukuwekwa na mtu yeyote. Uliwekwa na mashine yenyewe kwa kukisia, kusahihishwa, kusogeza kila uzani kidogo, na kukisia tena. Mbinu hiyo, iitwayo mtandao wa neva bandia, ilikuwa imejulikana kwa miongo kadhaa, ila ilikuwa ghali mno kwa wakati. Watu hawa walitumia kadi mbili za kucheza michezo, aina ya GTX 580, ambazo kila moja ina vichakataji vidogo 512, nao wakamaliza kwa siku tano hadi sita. Kwa kuwa kila kadi hutumia umeme wa wati 244 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, hesabu rahisi yaonyesha kwamba kadi zote mbili kwa siku sita zingekula yuniti zipatazo 70 za Luku. Wapinzani wao walishindwa na mfumo uliofundishwa kwa vifaa vilivyouzwa kwa wacheza michezo.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo matunda ya jambo hili yalionekana kwa wazi, japo si wengi walioliona. Tangu mwaka 2010 kamera 225 zinazojiwasha zenyewe zilikuwa zimetegwa katika Hifadhi ya Serengeti, na picha milioni 3.2 zilikuwa zimekusanyika, nyingi zake zikiwa hazina mnyama yeyote bali nyasi zilizotikiswa na upepo. Maelfu ya watu wa kujitolea duniani walizitazama moja moja na kuandika ni pundamila, ni nyumbu, ni fisi. Mwaka 2018 kundi la watafiti lilionyesha kwamba mtandao wa neva bandia, uliofundishwa kwa majibu ya watu hao, ungeweza kuifanya asilimia 99.3 ya kazi hiyo kwa usahihi sawa na wao, yaani asilimia 96.6, na kuokoa zaidi ya miaka minane ya kazi ya mtu mmoja wa saa 40 kwa wiki.

Mfumo mzito na mfumo mwepesi

Sasa swali la Arusha linajibika. ResNet152 una uzani upatao milioni 60, ambao ukihifadhiwa kwa njia ya kawaida huchukua takriban megabaiti 240 za kumbukumbu. Na kila picha huhitaji kuzidisha kupatako bilioni 11. Inception v3 una uzani upatao milioni 24, yaani chini ya megabaiti 100, na kuzidisha kwake ni karibu nusu ya huko. Kwenye kadi kubwa ya michoro tofauti hiyo si kitu. Kwenye simu ya bei nafuu, yenye kumbukumbu ndogo iliyokwisha kujaa picha za harusi na nyimbo, ni tofauti ya programu inayofanya kazi na programu inayokwama. Watafiti walitoa sadaka asilimia nne za usahihi ili mkulima apate kitu kinachofunguka.

Yafaa hapa kutenganisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kufundisha ni kazi nzito: kila picha hupitishwa mbele na kurudishwa nyuma, mara nyingi. Picha 3,000 zikipitishwa mara moja tu katika ResNet152, kwenda na kurudi, ni kuzidisha kunakofikia trilioni 100, na mafunzo huhitaji mapito mengi. Hapo kadi ya michoro haina mbadala wa maana. Kutambua ni kazi nyepesi: picha moja, pito moja, na simu inaiweza bila mtandao wa intaneti. Mashine kubwa inaweza kuwa Arusha au ng'ambo, ilhali matokeo ya mafunzo yakabebwa mfukoni hadi Masoko au Mwakaleli. Programu ya Nuru ya kutambua magonjwa ya mihogo, iliyotayarishwa na kundi la PlantVillage la Chuo Kikuu cha Pennsylvania State pamoja na IITA, ilijengwa kwa kanuni hiyo hiyo.

Mahali ambapo kasi haisaidii

Asilimia 99.2 ni nambari inayolewesha. Kwa kawaida picha za kupimia mfumo huchaguliwa kutoka fungu lile lile zilikotoka picha za kufundishia: simu zile zile, mashamba yale yale, msimu ule ule. Watafiti wa mihogo waliupima mfumo wao nje ya fungu hilo, shambani, kwa picha halisi za simu, na mwaka 2019 wakatangaza kwa uaminifu kwamba kipimo kimoja cha ufanisi kilishuka kwa asilimia 32. Si wote wanaotangaza hivyo.

Kwa Rungwe sababu za kushuka huko zaweza kutajwa mapema. Ya kwanza ni ukubwa wa picha. ResNet152, kama mifumo mingi ya aina yake, kwa kawaida hauitazami picha ya nukta milioni 12. Huipunguza kwanza hadi nukta 224 kwa 224, ambazo ni nukta 50,176 tu. Mkulima akisimama mbali na kulipiga picha jani lote lenye urefu wa mita mbili, kila nukta inayobaki huwakilisha karibu milimita 9 za jani. Kistari cha kwanza cha sigatoka, cha milimita mbili, hutoweka kabla mashine haijaanza kufikiri. Akisogea na kupiga sehemu ya sentimita 30, kila nukta huwa milimita moja na kitu, na kistari hubaki. Hakuna kadi inayoweza kurudisha kilichotupwa, hata ingekuwa na vichakataji milioni. Isitoshe, vistari hivyo huanzia upande wa chini wa jani, ambao wapigaji picha wengi hawaugeuzi.

Sababu ya pili ni kwamba mfumo wa namna hii huchagua jibu miongoni mwa majibu uliyofundishwa. Ukionyeshwa jani lililokosa potasiamu, na haukufundishwa neno hilo, utalipa jani hilo jina la ugonjwa mmojawapo unaoujua, tena huenda kwa kujiamini kukubwa. Zamani iliaminika pia kwamba baridi ya milimani huizuia sigatoka nyeusi. Lakini uchunguzi uliofanywa Uganda na Tanzania uliikuta kuvu yake hata kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, ilhali Kilimanjaro palikutwa kuvu nyingine inayotoa madoa yanayofanana nayo. Hivyo picha za bonde moja hazitoshi kuufundisha mfumo utakaotumika katika wilaya ambayo kutoka Tukuyu mtu huteremka karibu mita elfu moja kabla ya kufika ufukweni mwa ziwa.

Ya tatu, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, ni majibu ya kufundishia. Kila picha katika fungu lazima iwe na jina lake sahihi, na jina hilo hutolewa na mtu. Kwa mnyauko wa fuzari uhakika haupatikani kwa kulitazama jani. Mtaalamu hulipasua shina kwa panga na kutafuta mishipa iliyogeuka rangi ya kahawia iliyoiva, na penye shaka huchukua kipande kwenda maabara. Kazi hiyo huchukua siku, na idadi ya wanaoiweza haiongezeki kwa kununua kadi.

Taasisi ya Arusha imeendelea. Mwaka 2023 Neema Mduma na Judith Leo walichapisha fungu jipya la picha zaidi ya 16,000 za majani na mashina ya migomba kutoka mashamba ya Tanzania, yenye afya na yenye magonjwa yale mawili, nalo likaachwa wazi kwa mtafiti yeyote. Shina limeingizwa safari hii kwa sababu mnyauko huacha alama zake huko pia: shina hupasuka karibu na ardhi. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kulichukua fungu hilo, akakodi kadi ya michoro kwa saa chache kupitia intaneti, na kuanza pale wenzake walipofika. Picha ambazo angetakiwa kuziongeza ni za majani yenye njaa ya potasiamu, za asubuhi za ukungu na umande unaong'aa, za upande wa chini wa jani, na za migomba ya kila mwinuko kuanzia ziwani hadi penye mpaka wa msitu wa Mlima Rungwe, kila moja ikiwa na jina lililothibitishwa na aliyelipasua shina.